Siku Tano Simon's Town Nikiifuata Diana

Jumapili, 25 Mei

Treni itokayo Cape Town, Afrika Kusini, kwenda mji wa bandari wa Simon's Town ikishaipita Muizenberg huwa kama inatembea juu ya maji. Reli imebanwa kati ya mlima na bahari, na wimbi likipiga mawe rasharasha zinafika dirishani. Nilikaa upande wa kushoto makusudi.

Shemeji ana miaka tisa katika mji huu na treni hii hajaipanda hata siku moja. Asubuhi alinifikisha stesheni kwa gari lake, akazima injini, akanitazama.

"Shemeji, watu wote wanakwenda kule kuangalia pengwini. Wewe wasema waenda kuangalia chombo, na chombo chenyewe hakipo?"

"Hakipo tangu miaka mia mbili," nikamwambia.

Akacheka, akanipa mwavuli.

Chombo chenyewe ni Diana, merikebu ndogo ya matanga ya jeshi la majini la Urusi. Mimi ni mtu wa Lamu. Marehemu babu alikuwa nahodha wa jahazi la boriti, na hadithi za vyombo ndizo nilizolelewa nazo, ingawa mkate wangu naupata kwenye makaratasi ya forodha bandarini Mombasa. Labda kilichonivuta kwa Diana ni kwamba nayo ilizaliwa chombo cha mbao. Iliundwa kwenye mto Svir, kaskazini mwa Urusi, ibebe magogo basi. Jeshi lilipotafuta chombo cha kutuma Bahari ya Pasifiki likaichukua hiyo, mafundi wa Petersburg wakaifumua na kuitia nguvu, ikapakiwa mizinga. Vyombo viwili vya Kirusi vilivyokwisha kuizunguka dunia, Nadezhda na Neva, vilikuwa vimenunuliwa Uingereza. Diana ilikuwa ya kuundwa nyumbani.

Urefu wake futi 91, upana futi 25. Niliposhuka stesheni ya Simon's Town nilipima kwa hatua kwenye jukwaa: hatua 33 tu, nikageuka. Kijana mmoja mwenye ndoo ya samaki akanisogea kuuliza kama nimeangusha kitu. Katika hatua 33 hizo watu wapatao 60 walilala, wakala, wakaugua na kugombana kwa zaidi ya miaka miwili.

Chumba nilichopanga kiko mlimani juu ya barabara kuu. Ghuba yote naiona. Usiku taa ya Roman Rock inamulika na kuzima, inamulika na kuzima. Diana haikuikuta taa hiyo. Ilijengwa mwaka 1861.

Jumatatu, 26 Mei

Usiku upepo umegeuka. Saa nane bati la jirani lilianza kupiga makofi, na alfajiri mvua ilikuwa inakwenda ubavu, haishuki. Mwavuli wa shemeji ulidumu hadi kona ya kwanza.

Kwetu upepo una miadi. Kaskazi inakuja Desemba, kusi inaanza Aprili, na nahodha anajua mwezi gani ataondoka na mwezi gani atarudi. Hapa wakati wa kipupwe unavuma kutoka kaskazini-magharibi na mvua yake, unakaa siku moja au tatu, halafu unazunguka. Waholanzi waliujua kwa hasara. Merikebu zao zilikuwa zikitupwa pwani kule Table Bay, mbele ya Cape Town, ndipo mwaka 1741 wakaamuru vyombo vyote vya miezi ya baridi vije kutia nanga upande huu, nyuma ya mlima. Mji huu mzima umezaliwa na amri hiyo.

Nilikimbilia makumbusho ya mji. Yamo ndani ya nyumba ya mwaka 1777, iliyokuwa ya gavana wa Kiholanzi kupumzikia. Diana ilipoingia ghuba hii nyumba ilikuwa imekwisha kusimama hapa miaka 31. Mama mmoja tuliyejibanza naye mlangoni kusubiri mvua ipungue aliniuliza nimefuata nini. Nikamjibu: habari za Diana. Macho yakamlainika. "Ah, yule binti mfalme, maskini." Sikuwa na moyo wa kumsahihisha mara moja.

Basi kisa ni hiki. Kamanda wa Diana alikuwa luteni wa miaka 31, Vasily Golovnin. Msaidizi wake, Pyotr Rikord, alikuwa rafiki yake wa damu. Waling'oa nanga Kronstadt tarehe 25 Julai 1807 kwa kalenda yao, iliyokuwa nyuma ya kalenda ya wenzao wa Ulaya kwa siku 12. Walipopita Copenhagen waliwakuta Waingereza wameuzingira mji kwa manowari. Hiyo ilikuwa ishara mbaya. Golovnin alikuwa amewahi kutumwa kujifunza kazi ndani ya jeshi la majini la Uingereza kwa miaka kadhaa, alizijua tabia za watu wale. Alipofika Portsmouth aliomba serikali ya Uingereza impe hati kwamba safari yake ni ya elimu, asiguswe njiani. Akapewa.

Wakavuka Atlantiki. Januari 1808 walikuwa Santa Catarina, Brazili, wakijaza maji na chakula. Kutoka hapo wakaelekea Cape Horn, ncha ya kusini ya Amerika, na huko ndiko walikokutana na upepo wa omo, wa kuwapiga usoni, usiokwisha. Wiki nzima-nzima wanabisha, wanapata maili chache, wanazirudisha. Kiseyeye kikaanza kuonyesha meno. Golovnin akaamua jambo ambalo babu angelikubali: akageuza. Kama njia ya magharibi imefungwa, tutakwenda Kamchatka, pwani ya mbali ya Urusi kwenye Pasifiki, kwa njia ya mashariki, tukapumzike kwanza Rasi ya Tumaini Jema.

Tarehe 21 Aprili 1808, kwa kalenda yao ileile, wakatia nanga hapa chini ya dirisha langu. Rasi wakati huo ilikuwa mikononi mwa Waingereza. Afisa wao akapanda, akasalimia, akauliza wametoka wapi. Haukupita muda mrefu wakaambiwa mko chini ya ulinzi: Urusi na Uingereza wako vitani tangu Novemba. Wao walikuwa baharini, nani angewapa habari?

Golovnin akatoa ile hati. Komodoro Rowley akaisoma. Kuichukua Diana kama ngawira hakuthubutu, kuiachia pia hakuthubutu. Akaandika London kuuliza. Katika kazi yangu nimeona makontena yaliyokaa bandarini kwa sababu ya aina hiyohiyo: hakuna mwenye kosa, hakuna mwenye kutia saini.

Mchana upepo ulikuwa bado uleule. Nilirudi chumbani nimelowa hadi soksi.

Jumanne, 27 Mei

Mvua imekatika. Nimekwenda Kalk Bay, vituo vichache nyuma kwa treni, penye bandari ya wavuvi. Sili wamejilaza gatini kama magunia, wakisubiri matumbo ya samaki. Snoek wanauzwa wangali wanang'aa. Ni samaki mrefu mwenye meno ya nguru aliyekasirika.

Nilitaka kumpata mtu wa kumuuliza juu ya upepo, si wa vitabuni. Mzee mmoja alikuwa anashona wavu akiwa amekalia kreti. Nikamwamkia, nikamwambia babu yangu alikuwa nahodha. Hilo lilitosha, akasogea kidogo nikae.

Nikamuuliza: wewe ukiwa hapa ndani ya ghuba, upepo umetoka kaskazini-magharibi, utajuaje kama nje ya Cape Point, ncha iliyo mlangoni mwa ghuba, mambo ni hivyohivyo?

Hakujibu haraka. Alikata uzi kwa meno. "Huwezi kujua kwa ngozi," akasema. "Hapa mlima unaugeuza. Angalia mawimbi makubwa yanaingia kutoka wapi. Angalia mawingu ya juu, si ya chini. Mara ngapi nimetoka hapa na upepo mgongoni, nikafika nje ukanipiga uso."

Nilimwonea raha, kwa sababu swali lenyewe lilikuwa la Golovnin. Lile ndilo lililomkalisha akiandika mwaka mzima. Kutoka ndani ya ghuba si kazi. Upepo wa kaskazini-magharibi unakusukuma kwa tezi hadi mlangoni. Tabu ni kwamba mara nyingi ndani unavuma hivi na nje unavuma vingine, na merikebu iliyokwama mlangoni mwa ghuba kunapopambazuka itafuatwa na kurudishwa kwa kamba. Kwa hiyo akawa anasoma hali ya hewa siku kwa siku: upepo, mawingu, ukungu juu ya vilima, dalili gani huja pamoja na upepo gani. Waingereza walimwona mfungwa mpole anayetembea pwani. Nadhani silaha yake kubwa kuliko mizinga yote ya Diana ilikuwa daftari lile la pepo.

Tena alikuwa na sababu ya kuharakisha. Waliokuwa wamemshika hawakumlisha. Fedha hakuwa nazo, na hakuna mfanyabiashara aliyekubali hawala ya ofisa wa nchi adui. Watu wake walikula akiba ya chombo, na bandubandu huisha gogo. Makamu Admirali Bertie, aliyekuja baadaye kushika amri ya kituo hiki, alitaka mabaharia wa Diana wapelekwe kufanya kazi kwenye merikebu za Kiingereza. Golovnin akakataa. Watu wake wakatumike kuwatengenezea adui vyombo, wakati Urusi iko vitani na adui huyohuyo? Jibu la London halikuja. Mwaka ukageuka.

Mji wenyewe wakati huo ulikuwa mdogo, na kazi ngumu zake zilifanywa na watumwa waliotolewa Msumbiji, Bukini, India na visiwa vya Indonesia. Nilipokuwa nikirudi jioni niliingia kuswali magharibi katika msikiti ulio kwenye kichochoro cha Alfred Lane. Waislamu wengi wa mji huu walifukuzwa makwao baada ya serikali ya ubaguzi kuutangaza mwaka 1967 kuwa mji wa weupe peke yao. Msikiti ulibaki, nao huja kuswali kutoka mbali. Imamu alipojua natoka Lamu alinishika mkono muda mrefu.

Jumatano, 28 Mei

Leo ndiyo siku yenyewe. Kalenda ya Kirusi ya wakati ule iliandika 16 Mei 1809, ila kwa Waingereza, na kwetu sisi, ni 28.

Nimeamka nikatazama maji. Shwari. Bahari imelala kama mafuta kwenye sahani. Nikajicheka: nilikuwa nimejiambia kwamba kwa heshima ya siku upepo utavuma. Ungevuma leo badala ya juzi ungepungukiwa na nini?

Nilishinda Jubilee Square, kwenye uwanja unaotazama gati. Pana sanamu ya mbwa hapo, Just Nuisance, mbwa mkubwa aliyeandikishwa kuwa baharia wa jeshi la Kiingereza mwaka 1939, na watalii wanapanga foleni kumshika pua, ambayo imeng'aa kwa kushikwashikwa. Nikakaa karibu naye nikasoma tena habari za jioni ile.

Kuna jambo lililonitatiza hapo. Golovnin alikuwa ametoa ahadi ya maandishi kwamba hataondoka, na ni kwa ahadi hiyo waliachiwa kukaa ndani ya chombo chao bila walinzi. Mimi ninayekula kwa saini za watu siwezi kulipita hilo kimyakimya. Mwenyewe alilijua. Kabla ya kuondoka alimwachia Bertie barua za kueleza kwa nini: kwamba chakula kinakwisha, kwamba watu wake wanatakiwa kwa kazi isiyomo katika mapatano, kwamba aliyetakiwa kumjibu hamjibu. Nimezipima hoja hizo asubuhi nzima. Ya kwanza naikubali kabisa, kwa sababu nahodha hana ahadi iliyo juu ya matumbo ya watu wake. Ya pili naikubali. Ya tatu ni ya mtu aliyechoka kusubiri, na huyo namjua vizuri.

Chombo chenyewe kilikuwa kimevuliwa nguo. Kwa amri ya Bertie, matanga yalishushwa na vipande vya juu vya milingoti vikateremshwa. Kukirudisha katika hali ya kusafiri bandarini, mbele ya macho ya watu, kungewasaliti. Chakula nacho hakikuweza kununuliwa kwa wingi, maana kila gunia lingezua maswali.

Upepo wa magharibi-kaskazini-magharibi ukaja kwa nguvu mchana wa siku ile. Golovnin aliona manowari ya Bertie haina matanga yaliyofungwa. Dalili zake za mwaka mzima zikamwambia kwamba leo na nje ni hivihivi. Penye mawimbi na milango i papo. Walifunga yale matanga madogo ya dhoruba peke yake.

Saa kumi na moja na dakika kama arobaini na tano jua lilizama leo, ingawa nyuma ya mlima huu lilikuwa limepotea zamani. Nilikwenda kusimama mwisho wa gati. Saa kumi na mbili unusu kulikuwa giza, taa za mji zimewaka, na kahawa yangu imepoa. Saa hiyohiyo, wao walikata amari, kamba za nanga. Hawakuvuta nanga, kelele na nyimbo za kuvuta nanga zingeamsha ghuba nzima. Shoka tu, nanga zikabaki chini, na Diana ikageuza omo kuelekea kusini.

Chombo kimoja kilichokuwa karibu kiliwaona. Mtu akachukua baragumu ya kusemea na kuipigia kelele manowari ya Makamu Admirali: wanaondoka. Juu ya Diana hakuna aliyejibu wala kukohoa. Golovnin anasema kimya kizito kilishikwa muda wote. Nilijaribu kukisikia kimya hicho hapo gatini, lakini mgahawa nyuma yangu ulikuwa unapiga muziki.

Walipokwisha kuvipita vyombo vyote ndipo mikono ilipoanza. Usiku wa giza, mvua za vipindi, upepo unapiga. Wakapandisha vipande vya milingoti, wakakweza foromali za kushikia matanga, wakafunga matanga makubwa. Maofisa, wanafunzi wa uofisa na mabaharia wa kawaida walipanda pamoja, hakuna aliyebaki chini kutoa amri tu. Nimemwona babu na watu wanane wakibadili tanga la jahazi mchana kweupe, karibu na Manda, bahari imetulia, na ilikuwa kazi ya jasho na matusi. Hawa walifanya kwa milingoti mitatu ndani ya saa mbili hivi. Kukosea mguu pale juu ni kufa, na asingesikia mtu.

Saa nne usiku walikuwa bahari kuu. Upepo wa nje ulikuwa uleule wa ndani.

Golovnin alihesabu: kukamatwa kwao kulidumu mwaka mmoja na siku 25.

Nilikaa gatini hadi saa nne ipite. Ilipofika, hakikutokea chochote. Mlinzi alikuja na tochi akaniambia wanafunga geti.

Alhamisi, 29 Mei

Treni ya kurudi saa tatu. Nilipata nafasi ya kushoto, upande wa mlima, kwa hiyo niliutumia muda kuandika yaliyobaki.

Kutoka hapa Diana ilikwenda kusini mwa Australia kwa posho iliyopunguzwa. Mwishoni mwa Julai wakafika Tanna, kisiwa kimoja cha nchi ambayo leo ni Vanuatu, wakatia nanga katika ghuba iliyopewa jina la chombo cha Cook, Resolution, aliyepita mwaka 1774. Usiku volkano ya Yasur ilikuwa inawaka juu yao. Wakabadilishana vitu na wenyeji wakapata nazi na viazi vikuu, na Golovnin akakaa kuandika maneno ya lugha yao. Mtu aliyetoroka kifungo, ana njaa, bado anauliza jicho linaitwaje. Mwisho wa Septemba 1809 walikuwa Petropavlovsk, Kamchatka.

Mwaka uliofuata ilivuka hadi Sitka, Amerika ya Warusi (Alaska ya leo), ikarudi. Mwaka 1811 ikatumwa kuchora ramani ya visiwa vya Kuril, kati ya Kamchatka na Japani, na hapo bahati ya Golovnin ikachezea upande mwingine. Kisiwani Kunashir aliitwa ngomeni na Wajapani kwa mazungumzo, akaingia na wenzake saba, wakakamatwa. Wajapani walikuwa na kisasi cha kweli: mwaka 1806 na 1807 maofisa wawili wa Kirusi walikuwa wameshambulia na kuchoma makazi yao. Aliyelipa ni aliyepita baadaye. Safari hii hapakuwa na daftari la upepo la kumsaidia. Masika ya 1812 walitoroka, wakazunguka milimani siku kadhaa, wakashikwa tena.

Rikord ndiye aliyebaki na Diana, na sehemu hii ndiyo ningependa siku moja niifuate kwa miguu. Mwaka 1812 alirudi Kunashir, akakamata chombo cha mfanyabiashara Takadaya Kahei, akaenda naye Petropavlovsk. Wakakaa nyumba moja majira yote ya baridi, kila mmoja akijifunza lugha ya mwenzake. Kahei ndiye aliyekwenda baina ya pande mbili hadi Oktoba 1813, Golovnin alipokabidhiwa katika bandari ya Hakodate, Japani, na kupandishwa Diana.

Merikebu ilikuwa imechoka kufikia hapo. Ilibaki Petropavlovsk, ikawa ghala. Jina lake limo ramanini: Mlango wa Diana, kati ya visiwa vya Simushir na Ketoi. Isichanganywe na Diana nyingine ya Kirusi, kubwa zaidi, iliyoharibiwa na tsunami kule Shimoda, Japani, mwaka 1854.

Jahazi la babu nalo liliishia Shela, kwenye mchanga. Mbao mbili za ubavuni mwake ni benchi barazani kwetu, bado zina matundu ya misumari.

Shemeji alikuwa ananisubiri nje ya stesheni, gari limewashwa.

"Mwavuli wangu?"

Nikamwonyesha vijiti vilivyobaki.

"Na pengwini?"

"Sikufika."